Neno la Baba Sattam

Akitokea mtu kukwambia kwamba mwanajeshi anastaafu siku anayovua sare, mcheke. Mimi niliolewa na mwanajeshi, nikamzika mwanajeshi, na ukuta wangu umegusana na ukuta wa mwanajeshi mwingine tangu nilipoletwa hapa bi harusi, kwa hiyo tusibishane. Anaanza kustaafu miaka kabla. Anastaafu kwa mdomo. Kila akija likizo ana mpango mpya, na kila mpango unamchosha mkewe kabla haujaanza.

Jirani yangu huyo ni Dhaifallah, sajini meja wa mizinga. Hapa kwetu, kwenye milima ya Ajlun, hakuna anayemwita sajini. Ni Baba Sattam, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye yuko Akaba na mkewe, anafanya kazi bandarini. Mke wa Baba Sattam ni Thuraya, Mama Sattam, na mimi na yeye ni chanda na pete. Nyumbani amebaki mtoto mmoja tu, Wijdan, kitinda mimba, anayesoma chuo na kurudi kila siku kwa basi akiwa hoi.

Karibu maisha yake yote ya kazi Baba Sattam ameyamalizia kwenye mpaka wa mashariki, huko jangwani, ambako ukipika wali unakula na mchanga. Anakaa huko majuma, anakuja nyumbani siku chache, anarudi. Huko anaamka kabla ya adhana, ananyoa ndevu kwa maji ya baridi hata kipupwe kikali, halafu anapita kukagua vijana wake: viatu, kucha, magodoro. Wanamwogopa, lakini wanampenda kufa. Wanamwita baba. Na yeye anawajua, wallahi anawajua! Anajua nani jino linamsumbua, nani anaogopa nge, nani mchumba wake amemkasirikia, nani anaficha sigara kwenye soksi. Ukimpa kikombe kimoja cha chai atakusimulia habari za hao vijana mpaka usinzie.

Akija nyumbani anakuja na jeshi lake. Utamkuta mlangoni anapanga viatu kwa ukubwa, vya kwake mwanzo, vya Wijdan mwisho. Siku moja aliingia jikoni, akafungua kabati, akaanza kuuliza kwa nini chumvi imekaa mbali na sukari.

"Baba Sattam," Thuraya akamwambia, "hili ni jiko, si ghala la risasi. Toka."

"Nauliza tu."

"Ukaulize vijana wako. Hapa mimi ndiye jenerali."

Akatoka, masikini, mikono mgongoni. Akaenda kukagua mizeituni.

Mpango wake wa kwanza wa kustaafu ulikuwa nyuki. Thuraya akasema nyuki wakiingia, yeye anatoka. Wa pili ulikuwa mizabibu juu ya paa, akapima paa lote kwa hatua zake za gwaride, halafu ikaonekana paa haliwezi. Wa tatu ndio uliomwingia moyoni. Unajua, ukoo wetu una ukumbi wake, pale chini karibu na msikiti, ambako wanaume wanapokea wageni, wanakaa msiba, wanapatanisha waliogombana. Mtunza ukumbi, Mzee Irsheid, aliyekuwa akiwasha moto na kumimina kahawa kwa kila anayeingia, alifariki mwaka huo huo, na nafasi yake ilikuwa wazi. Si kazi ya mshahara. Ni kazi ya heshima. Mtunza ukumbi ndiye anayejua nani amekuja na nini, na wazee hawasemi jambo mpaka yeye ameketi.

Basi Baba Sattam akaitaka nafasi ile kama mtoto anavyotaka baiskeli. Hakumwambia mtu, maana kitu kile hakiombwi, mtu anaombwa yeye. Lakini alinunua birika kubwa la shaba lenye mdomo kama wa mwewe, akanunua na kinu cha mti cha kutwangia kahawa, na kila likizo alfajiri anatwanga. Tena kwa mdundo, ehe, maana kinu kile kina mdundo wake. Ukuta wetu ni mmoja! Nilimwambia Thuraya, mumeo akistaafu mimi nahamia kwa dada yangu.

Alichokuwa anataka hasa nakijua, kwa sababu alinieleza mwenyewe siku moja tukichuma zeituni. Alisema, "Mama Ghalib, mimi mpakani ni mtu. Nikirudi hapa wananiuliza, umekuja lini, unaondoka lini. Hata mbwa wa jirani ananibwekea." Mbwa mwenyewe ni wangu, nikaona haya.

Sasa nikwambie na desturi ya nyumba za wanajeshi huku kwetu, maana bila hiyo hutaelewa balaa lililotokea. Aliye mpakani haambiwi kitu. Akipiga simu, jibu ni moja: alhamdulillahi, wazima, usijali. Mume wangu alikuja kujua kwamba nimelazwa hospitali nilipokwisha kutoka. Sattam alivunjika mguu, babake akaja kusikia kijana anacheza mpira. Unamwambia ili iwe nini? Ana bunduki mkononi na usiku mrefu mbele yake, halafu umtie na ya paa kuvuja? Hatuoni kama ni uongo. Tunaona ni kumwonea huruma. Na akija likizo, siku zenyewe mbili tatu, unasema mwache apumzike, utamwambia safari ijayo.

Ndivyo ilivyokuwa Wijdan alipoacha ualimu na kuingia udaktari wa mifugo. Tukasema ataambiwa akija. Akaja, amechoka, ana kikohozi cha vumbi, tukamwacha. Akaondoka. Na ikaendelea hivyo, mpaka watu wakimwuliza anasema kwa fahari, "Binti yangu atakuwa mwalimu," na mtoto amesimama pale pale na sinia, anatabasamu, hasemi kitu.

Na ndivyo ilivyokuwa ya posa. Kulikuwa na kijana, Mamduh, wa Haji Fawaz mwenye mashine ya kukamua zeituni. Kijana hana ubaya. Anafanya kazi Kuweiti, alitaka kuoa kiangazi hicho hicho na kuondoka na mke. Mamake akaja na sinia la kunafa, ule mkate mtamu wa jibini, kama ilivyo ada, wanawake kwanza. Wijdan akasema hapana. "Mama, sina neno naye, lakini chuo siachi. Nikienda Kuweiti nitakuwa daktari wa nini, wa kiyoyozi?" Tulicheka mpaka basi. Thuraya akawajibu wale kwa adabu kwamba binti bado anasoma. Tukala kunafa yao, tukadhani yamekwisha.

Hayakuisha. Haji Fawaz alifikiri hivi, na simlaumu: nyumba ile babake hayupo, waliojibu ni wanawake, tusubiri mwenyewe arudi tuzungumze mtu mzima kwa mtu mzima.

Baba Sattam akaja likizo yake ya mwisho kabla ya ile ya kuaga. Jioni moja simu ikalia, Haji Fawaz huyo. Thuraya yuko kwangu, hakusikia. Baba Sattam alitusimulia baadaye walivyosemezana.

"Tunataka kuja kesho kunywa kahawa kwako, mimi na Sheikh Qublan na wazee."

"Karibuni, nyumba yenu."

"Nadhani unajua tunalojia."

"Najua, najua, Haji. Mnatia nuru."

Akakata simu, akakaa kitandani, akacheka peke yake. Sheikh Qublan, mkuu wa ukoo, na wazee! Kitu gani kingine kingewaleta kama si ukumbi? Akamwambia mkewe wageni wanakuja kumpongeza kwa kustaafu. Hakutaka kusema neno la ukumbi kabla halijasemwa na wenyewe.

Lazima nieleze na kikombe. Kwetu mgeni mwenye haja hanywi kahawa yake. Anaiweka chini mbele yake, anasema haja, na mwenye nyumba akisema "kunyweni kahawa yenu," haja imekubaliwa na neno limefungwa. Lakini wapo wenye fahari ambao hawangoji haja. Wanaona kikombe kimewekwa chini tu, wanasema, "Kunyweni, mlilojia mmelipata!" Hao ndio wanaume wanaosimuliwa. Babake Baba Sattam alilisema mara moja katika maisha yake, akampa mtu fahali, na mpaka leo fahali yule anatajwa harusini.

Kesho yake jikoni tulikuwa watatu, Thuraya, mimi na Wijdan. Mimi nakaanga njugu za kutia juu ya wali, Thuraya anageuza nyama kwenye mtindi, Wijdan anapanga vikombe. Mlango wa sebuleni tuliuacha wazi kidogo, kwa ajili ya kusikia, nani ataficha. Nikachungulia. Mjomba wangu Sheikh Qublan, maana yule ni ndugu ya mamangu, kaketi mahali pa heshima, na mbele yake wazee wawili watatu. Na pembeni yake Haji Fawaz, amevaa joho jipya.

"Thuraya," nikanong'ona, "Haji Fawaz anafanya nini hapa na joho?"

Thuraya akaweka mwiko chini. Akaja kuchungulia. Rangi ikamtoka.

Baba Sattam mwenyewe alimimina kahawa, kasimama wima kama bendera, birika mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, hajamwaga hata tone. Alipendeza, sisemi uongo. Mjomba akapokea kikombe, akakiweka chini.

Thuraya akapiga sufuria kwa mwiko, pa pa pa, apate kumwita mumewe aje mlangoni. Yule akageuza kichwa, akawaambia wageni kwa furaha, "Chakula kiko karibu." Mizinga imemla sikio moja na akili hakuwa nayo pale, ilikuwa ukumbini.

Mjomba akakohoa, anataka kuanza. "Baba Sattam, sisi tumekuja kwako…"

"Kunyweni!" akasema, sauti ya kikosi kizima. "Kunyweni kahawa yenu, Sheikh! Mlilojia mmelipata, na kama ni kubwa zaidi ya hilo, mmelipata pia!"

Yaa Rabbi! Wazee wakanyanyuka kwa furaha, "Mungu akuze heshima yako!" Mjomba akakinywa kikombe. Kisha akasema, "Basi tumempata Wijdan kwa Mamduh wetu. Tusome Fatiha."

Nilimwona Baba Sattam uso wake. Ulibaki na tabasamu lakini nyuma yake hakukuwa na mtu. Angeweza kusema pale pale, ngojeni, sikujua. Sekunde ilikuwepo. Akawatazama wazee, akatazama vikombe vitupu, na mikono yao yote imekwisha kunyanyuliwa. Akanyanyua na yake.

Jikoni sikuweza kumtazama Wijdan. Nilimsikia anafunga bomba. Akakausha mikono yake kwa taulo, polepole, akauliza, "Mama, nianze kupakua?"

Wageni walipoondoka Baba Sattam akaja jikoni. Thuraya alimrukia kama paka. "Umemtoa mwanangu! Umemtoa kama mbuzi wa sadaka! Hukuuliza, hukungoja, mdomo wako huo!"

"Nilidhani ni ukumbi," akasema. "Nilidhani wamekuja kunipa ukumbi."

"Ukumbi! Ukumbi ukufukie!"

"Usimpigie kelele, mama," Wijdan akasema. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza. "Ametoa neno mbele ya watu. Mimi silivunji neno la baba." Akamgeukia. "Karibu ukae, baba. Hujala."

Alisema kwa adabu kabisa. Adabu ile ile ambayo kwayo dakika chache kabla aliwapelekea wageni maji ya kunawa. Mimi nikachukua shela yangu nikaondoka, moyo unaniuma.

Siku mbili kinu hakikulia. Hutaamini, nilikitamani. Siku ya tatu asubuhi Baba Sattam akabisha hodi kwangu, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia maana nipo peke yangu.

"Mama Ghalib, binti yangu anataka nini?"

"Waniuliza mimi? Mwulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Nimemwuliza jana, nimemwuliza leo. Ananiambia, 'Unalotaka wewe, baba.'" Akapangusa uso. "Dada yangu, vijana wangu wakinijibu 'ndiyo, afande' kwa sauti ile, najua wananificha kitu. Wao najua kinachofichwa. Huyu sijui."

Hapo hasira zikanipanda, zangu na za Thuraya na za miaka yote. Nikamwambia. Nikamwambia ya Mamduh na kunafa, ya Kuweiti, ya kiyoyozi. Na nilipofika kwenye chuo nikamwambia na la udaktari.

"Udaktari wa mifugo?"

"Ndiyo. Yule mbuzi wangu mweupe unayempita kila siku, alipokwama na mtoto tumboni, nani aliingiza mkono akamgeuza? Daktari kutoka mjini? Wijdan wako! Na sketi yake ya chuo mwilini!"

"Lakini ninawaambia watu anasomea ualimu. Anasikia nikisema."

"Anasikia."

"Na hamkuniambia."

"Ulikuwa mpakani, Baba Sattam."

"Nimekuja hapa likizo ngapi?" Hakunipa nafasi ya kujibu. Akamtazama yule mbuzi, mbuzi naye anamtazama. Kisha akaniuliza kama mjomba wangu yupo nyumbani leo.

Yupo, nikasema, mimi mwenyewe nakwenda kumpikia mkate. Mjomba hana mke, watoto wake wako mji mkuu, na mkate wa dukani anasema una ladha ya karatasi. Kwa hiyo nilikuwa uani kwake, nimechuchumaa mbele ya moto, natandaza unga juu ya chuma, wakati Baba Sattam alipoingia. Amevaa shati la kawaida, hakuvaa sare wala joho. Akaomba Haji Fawaz aitwe. Haji akaja, bado ana furaha zake, akataka kumkumbatia mkwe mwenzake.

"Ngoja, Haji," Baba Sattam akasema. "Usinikumbatie. Nimekuja kulirudisha neno langu."

Niliacha mkate ukaungua. Mjomba alikuwa na tasbihi mkononi, ikasimama.

"Rudia," mjomba akasema.

"Neno nililosema nyumbani kwangu, nalirudisha. Binti hataki, na mimi sikujua mlilojia. Nilidhani mmekuja kwa ajili ya ukumbi."

Haji Fawaz akawa mwekundu. "Umesema kwenye simu unajua! Umesema mbele ya watu! Tumesoma Fatiha, mwanamume! Mke wangu amekwisha kununua kitambaa! Sajini meja mzima unakula matapishi yako?"

"Ninakula."

Alijibu hivyo hivyo, kavu. Umri wangu huu sijapata kumsikia mwanamume wa kwetu akilikubali tusi lile. Watu wameshauana kwa dogo kuliko hilo.

Mjomba akasema, taratibu, "Dhaifallah mwanangu, nitakwambia wazi. Ukumbi tulikuwa tukikuwazia wewe. Wallahi, ulikuwa mdomoni mwetu. Lakini anayekaa kwenye kahawa ya ukoo, watu watakuja kwake na damu na visasi, watamtegemea neno lake. Ukitoka hapa na hili, ukumbi usahau. Na si mwaka huu tu."

Jamani, ile ilikuwa roho yake! Birika, kinu, alfajiri zote zile. Nilitaka kupiga kelele kwamba mjomba, muogope Mungu. Lakini ni mwanamke ninayepika mkate, nikakaza meno.

"Nimeusahau, Sheikh," akasema.

"Kwa nini hukusema pale pale?" Haji akauliza. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka kidogo. "Kabla ya Fatiha. Tungecheka, yangekwisha."

"Niliona haya."

"Haya ya nani?"

"Yenu. Nilikuona wewe na Sheikh na vikombe, nikaona haya yenu. Binti alikuwa jikoni anayasikia yote, na sikumwonea haya yeye." Akavuta pumzi. "Haji, mwanao nasikia ni kijana mzuri. Sina neno naye. Lakini mimi huyo binti simjui. Mnanielewa? Nina vijana mia huko jangwani, nikiulizwa habari za yeyote nitajibu mpaka jina la nyanya yake. Nikiulizwa za binti yangu ninawaambia watu anasomea ualimu, na anasomea mifugo. Mtu nisiyemjua nilimtoaje?"

Haji Fawaz akavua joho lake, akalikunja, akaliweka begani kwa sababu jua lilikuwa limepanda. Mwishowe akasema, "Mwanangu hataletewa mke anayelia. Umenielewa? Hilo nimekuachia. Lakini kwangu usije, na kwako siji." Akaenda zake bila kumpa mkono.

Mjomba akaanza tena tasbihi yake. Baba Sattam akaniaga mimi, akamuaga mjomba, akatoka.

Habari ilimtangulia, kama kawaida ya hapa. Dukani kijana mmoja mpumbavu akamwuliza kama leo amebadilisha na jina lake pia. Akanunua alichotumwa, akarudisha chenji mfukoni, akatoka. Na ukumbi, nikwambie tu nililoliona kwa jicho langu, ukapewa ndugu yake Haji Fawaz, ambaye kahawa yake ni maji ya kuoshea sufuria, lakini neno lake linasimama, wanasema.

Mimi nilipita njia ya mkato nikawahi kurudi kuliko yeye, nikapanda juu ya paa kuanua nguo. Usinicheke, nguo zilikuwepo kweli. Wijdan alikuwa uani kwao chini, anasugua mabuti yake ya mpira kwa ufagio na maji, maana jana yake walikuwa na somo la zizini. Thuraya alikuwa kwenye ngazi na bakuli la dengu. Baba Sattam akaingia, akafunga geti. Wijdan akanyanyuka haraka kumpisha njia, kama siku zote.

"Usinipishe," akamwambia.

Akasimama na ufagio mkononi.

"Nimetoka kwa Sheikh. Yamekwisha. Hakuna Kuweiti."

Thuraya aliangusha dengu, nusu bakuli. Wijdan hakusogea. "Umewaambia nini, baba?"

"Ukweli. Nimewaambia sikujui."

Nilidhani mtoto atalia. Badala yake alikasirika! Nilimwona kutoka juu kule, alikasirika haswa, kifua kinapanda na kushuka, na katika miaka yake yote sijawahi kumwona amemkasirikia babake.

"Na wote wamejua? Kijiji kizima? Kwamba baba yangu hanijui?"

"Wamejua."

"Na ukumbi?"

"Achana na ukumbi."

Akautupa ufagio. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu peku, imelowa. Akamtazama babake moja kwa moja, bila adabu yoyote ile, alhamdulillahi.

"Basi nijue," akasema. "Mimi hapa. Uliza."

Mwanamume yule anayehoji vijana mia kila asubuhi akasimama pale hana pa kuanzia. Akajikohoza. Akaweka mikono mgongoni, akaitoa. Akamtazama mkewe, na Thuraya akajifanya anaokota dengu.

"Chai," akasema mwishowe. "Chai yako unatia sukari vijiko vingapi?"

"Sinywi chai, baba."

"Tangu lini?"

"Sijawahi kunywa. Hata nilipokuwa mdogo."

Akakaa chini hapo hapo kwenye sakafu iliyolowa, na suruali yake safi, polepole, kama mtu anayepewa habari ya msiba. Maji yakampitia chini, hakuyaona.

"Haya," akasema. "Niambie na mengine."